Je, wajua? Lord Percy wa mwaka 1775 hakuzaliwa Percy

Kila wikendi, mashabiki wa Tottenham Hotspur kuanzia Mombasa hadi Bujumbura hulitaja jina la utani la mwanajeshi aliyeuawa mwaka 1403. Ni Sir Henry Percy, mtoto wa Earl (cheo cha kikabaila) wa Northumberland, aliyeitwa Hotspur kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kumtimua farasi na kuvamia. Aliuawa Shrewsbury tarehe 21 Julai akipigana na Mfalme Henry IV, yule yule ambaye familia ya Percy ilimsaidia kutwaa kiti cha enzi mwaka 1399. Vijana walioanzisha klabu mwaka 1882 walichukua jina hilo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba familia ya Percy ilikuwa na ardhi katika eneo la Tottenham.

Sasa ruka hadi tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza. Askari wa Uingereza wanarudi nyuma kutoka Concord huku wakipigwa risasi njia nzima. Wanaokolewa Lexington na kikosi cha watu wapatao 1,000 chenye mizinga miwili, kilichotoka Boston chini ya Hugh Percy, Lord Percy. Baba yake ni Duke wa Northumberland, cheo kilicho juu ya Earl. Jina ni lile lile, jimbo ni lile lile, na ngome ya familia ni ile ile ya Alnwick, iliyonunuliwa na Percy mmoja mwaka 1309. Msomaji gani asingesema kwamba huyu ni kilembwe wa ukoo wa Hotspur, baba kwa baba?

Siyo. Kamanda huyo wa Lexington alizaliwa mwaka 1742 akiitwa Hugh Smithson.

Kosa hili ni rahisi kulifanya, hasa kwetu. Pwani, mtu akiitwa Mazrui au Busaidi umeshajua ukoo wa baba yake. Mkwe hawezi kuingia katika ukoo huo kwa kuoa binti, hata akiachiwa nyumba nzima, na Uislamu unakataza kabisa mtu kujinasibisha na asiye baba yake. Bara nako wengi hufuatisha jina la baba, kisha la babu, kwa hiyo jina linahama kila kizazi lakini halitoki kwenye mstari wa wanaume. Ndiyo maana tukikuta jina moja limedumu miaka mia saba tunaanza kuhesabu: huyu alimzaa yule, yule akamzaa huyu. Orodha ndefu za Earl wa kwanza, wa pili, wa tatu zinatutia moyo tuendelee hivyo, kwa sababu zinapangwa kwa namba na namba haionyeshi mlango ambao mrithi aliingilia.

Kwa makabaila wa Uingereza, jina la ukoo lilishikamana na mali, ardhi kwanza. Damu ilihesabiwa pia, ila iliruhusiwa kupita kwa mwanamke. Na ilipopita hapo, aliyebadilika jina mara nyingi alikuwa mume wake au watoto wake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtoto wa kwanza wa kiume alirithi mashamba, ngome na cheo. Pasipokuwa na mtoto wa kiume, mali ingeweza kwenda kwa binti, lakini binti akiolewa wanawe wangebeba jina la mume na jina la zamani lingekufa. Kuzuia hilo, wasia au mkataba wa ndoa uliandikwa sharti la jina na nembo: yeyote atakayeifikia mali hii kwa kumwoa binti yetu, au kwa kuzaliwa naye, achukue jina letu na nembo yetu. Mara nyingi alipewa muda maalumu, na asipotekeleza, mali inampita na kwenda kwa anayefuata katika orodha.

Chukua mzee mwenye duka ambalo mtaa mzima unalijua kwa jina lake lililoandikwa juu ya mlango. Wateja wa mkopo, wauzaji wa jumla na wenye mashamba wanaomletea mchele wote wanaliamini jina hilo. Hana mtoto wa kiume, ana binti mmoja. Anaandika: duka ni la binti yangu na mumewe, mradi kibao kisishushwe. Mkwe anakubali, maana bila kibao wateja wanatawanyika. Miaka ishirini ikipita, watoto waliozaliwa mtaani wanamwita mkwe kwa jina la kwenye kibao, na wanawe wanaandikishwa shule kwa jina hilo. Mgeni anayepita anaona duka moja, jina moja, na anadhani familia haikuwahi kubadilika. Tofauti ni kwamba Uingereza kibao kiligongwa muhuri na Mfalme, kwa hati ya kifalme, au hata na Bunge.

Ilivyotokea kwa familia ya Percy inastahili kutazamwa kwa karibu. Earl wa kumi na moja alifariki mwaka 1670 bila kuacha mtoto wa kiume, akamwacha Elizabeth wa miaka mitatu kuwa mrithi wa mali kubwa ajabu. Aliozwa mwaka 1679, akiwa na miaka 12, kwa kijana wa ukoo wa Cavendish ambaye alichukua jina la Percy, akafa mwaka uliofuata. Mume wa pili, Thomas Thynne, aliuawa kwa risasi barabarani London Februari 1682. Mei mwaka huo huo Elizabeth akaolewa na Charles Seymour, Duke wa Somerset, kwa makubaliano kwamba naye awe Percy. Alipotimiza umri wa utu uzima, Elizabeth alimfungulia sharti hilo, na mume akabaki Seymour. Hivyo jina likalala kwa miongo kadhaa.

Lilimwamkia mjukuu. Lady Elizabeth Seymour aliolewa mwaka 1740 na Sir Hugh Smithson, baroneti (mwenye cheo cha chini cha kurithi) wa Yorkshire. Kaka wa Elizabeth alifariki mwaka 1744, na baba yao mwaka 1750. Smithson akapokea cheo cha Earl wa Northumberland, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kumfanya yeye na wanawe kuwa Percy. Mtoto wake Hugh, kamanda wa baadaye wa Lexington, alikuwa na miaka saba hivi. Baba akapandishwa kuwa Duke mwaka 1766.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba hata Hotspur mwenyewe anaingia humu. Percy wa kwanza walikuja kutoka Normandy, Ufaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na wanaume wao wakaisha kabla karne ya 12 haijamalizika. Binti yao Agnes aliolewa na Joscelin wa Louvain, kutoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji, ndugu wa malkia Adeliza, na uzao wao ukachukua jina la Percy. Hotspur alitoka kwenye uzao huo. Kwa upande wa baba alikuwa mtu wa Louvain.

Baada ya hapo utaona jambo hili kila mahali. John Churchill, jenerali aliyeshinda Blenheim mwaka 1704, hakuacha mtoto wa kiume. Cheo chake cha Duke wa Marlborough kikapita kwa binti hadi kwa akina Spencer, ambao waliongeza jina la Churchill mwaka 1817 tu. Winston Churchill, aliyepita Mombasa, Nairobi na Uganda mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, kwa baba alikuwa Spencer. Babu wa Arthur Wellesley, Duke wa Wellington, alizaliwa Colley. Na ma-Earl Nelson waliofuata baada ya mwaka 1835 ni akina Bolton, uzao wa dada yake Admirali Nelson.

Kwa nini majina hayo hayo yamejaa jeshini? Wadogo wa mrithi hawakupata ardhi, hivyo walitafutiwa kazi, na hadi mwaka 1871 vyeo vya uofisa katika askari wa miguu na wapanda farasi vilinunuliwa. Mwaka 1821 bei rasmi ya uluteni kanali wa askari wa miguu wa kawaida ilikuwa pauni 4,500. Wenye fedha hizo walikuwa wachache.

Tahadhari moja: hii haihusu kila jina. Smith au Taylor wawili wanaweza kuwa hawana undugu wowote, wala sharti lolote halikuhusika. Majina ya kazi yalizuka kila kijiji.

Lord Percy alikuwa kanali wa kikosi cha 5 cha askari wa miguu, na kwa heshima yake kikosi hicho kikapewa jina la Northumberland. Ndicho kilichokuja Kenya mwaka 1953 wakati wa vita vya Mau Mau, kikiitwa Royal Northumberland Fusiliers.

Na jina la Smithson? Duke wa kwanza alizaa nje ya ndoa mtoto ambaye hakumtambua hadharani. Mtoto huyo alikua mwanasayansi, na alipokuwa mtu mzima akalichukua jina ambalo baba yake alikuwa ameliacha. Alikuwa James Smithson, aliyefariki mwaka 1829, na fedha alizoziachia Marekani ndizo zilizoanzisha taasisi ya Smithsonian mjini Washington mwaka 1846.