Je, wajua kwa nini Jahangir Khan, mchezaji skwoshi wa Pakistan, hakushindwa kwa zaidi ya miaka mitano?

Kuna mzee anafundisha skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, hapa Kampala. Ukimtajia Jahangir Khan, hakujibu kwanza. Anakupa mpira uushike. Mdogo kuliko ndimu, mweusi, una vidoa viwili vya njano. Ukiwa baridi, ukiudondosha unalala palepale. Ukishapigwa ukutani dakika chache, hewa ya ndani inapata moto, unashika kama yai lililotoka kuchemshwa. Hata hivyo haudundi sana.

"Umeona? Huwezi kumaliza mtu kwa pigo moja. Mkimbize mpaka pumzi imwishie."

Chumba chenyewe kina urefu wa mita 9.75 na upana wa 6.4, watu wawili ndani, na Mpakistani huyo alikimbia humo kuliko wote. Tena ni mtu aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri utotoni, madaktari wakamkataza michezo! Mwaka 1979 kaka yake, Torsam, alianguka akicheza huko Australia, akafariki. Binamu yao Rahmat akaacha kucheza ili amnoe mdogo mtu. Mwaka 1981, akiwa na miaka 17, Jahangir alimshinda Geoff Hunt wa Australia kwenye fainali ya dunia, Toronto.

Sheria za enzi hizo nazo zilimfaa: pointi alipata anayeanzisha mpira tu. Mwenzake akishinda mpigano, yaani kupigiana mpira hadi mmoja akosee, alichopata ni zamu ya kuanzisha, basi. Kwa hiyo mechi zilivutika. Mwaka 1983, kule Chichester, Uingereza, alicheza na Gamal Awad wa Misri kwa saa 2 na dakika 46. Seti ya kwanza peke yake ilikula dakika 71, na Jahangir akaipoteza 9–10. Zilizofuata: 9–5, 9–7, 9–2. Zisome tena taratibu, utamsikia Awad akihema.

Hesabu inayotajwa ni mechi 555 mfululizo, hadi Novemba 1986, Toulouse, Ufaransa, alipofungwa na Ross Norman wa New Zealand. Huyo naye miaka mitatu kabla alikuwa ameumia goti akiruka na parachuti. Mzee huipita haraka sehemu hiyo. Anakimbilia kukukumbusha kwamba Jahangir alibeba British Open, mashindano makubwa ya skwoshi ya Uingereza, mara kumi mfululizo, 1982 hadi 1991, kisha ananyoosha mkono: nipe mpira wangu, umeshapoa.