Bei ya Siku na Wakala wa Ajira: Yanayosemwa na Yalivyo

Mtaalamu wa data Kisumu, mpimaji ardhi Nakuru, fundi wa kulehemu anayeitwa kazini huko Olkaria kwa wiki sita kisha anarudi nyumbani: wengi wao siku hizi hupata kandarasi kupitia kwa wakala wa ajira, na hadithi wanazopeana kuhusu bei hufanana. Nyingi si kweli. Zimezaliwa kwa sababu watu hujadiliana na wakala bila kwanza kujua pesa yake yeye inatoka wapi.

"Nikilipwa vizuri, wakala naye anapata zaidi, kwa hiyo atanipigania."

Hiyo ni kweli kwa kazi ya kudumu. Mwajiri humlipa wakala mara moja, aghalabu kwa asilimia ya mshahara wako wa mwaka, hivyo mshahara ukipanda na yake inapanda. Kandarasi ya kulipwa kwa siku ni biashara nyingine kabisa. Mteja humlipa wakala bei fulani kwa kila siku unayofanya kazi, wakala hukulipa sehemu yake, na kinachobaki ni chake.

Tuseme mteja amekubali shilingi 10,000 kwa siku. Ukiridhika na 8,000, wakala anabaki na 2,000. Ukiona haya ukataja 7,000, anabaki na 3,000, na katika kandarasi ya siku 60 haya hiyo imekugharimu shilingi 60,000. Hajakuibia. Amenyamaza tu.

Akikwambia anachukua "asilimia 20", muulize asilimia 20 ya nini. Ile 2,000 ni asilimia 20 ya bei ya mteja, lakini ni asilimia 25 ya bei yako wewe. Wakala anajua tofauti hiyo vizuri sana, nawe ijue.

"Basi wakala ni mnyonyaji, na ukibishana naye anampigia mwingine."

Hapa watu huruka kutoka kosa moja hadi jingine. Ile tofauti inayobaki ndiyo inayolipa watu waliokutafuta, na mara nyingi ndiyo inayokulipa wewe mwisho wa mwezi huku mteja akikaa na invoisi ya wakala miezi miwili. Isitoshe, nafasi isiyojazwa haimpi wakala hata senti. Kabla ya mahojiano wewe ni jina moja kati ya mengi, na kweli anaweza kumpigia mwingine. Mteja akishasema "tunamtaka huyu," mambo yamegeuka: kwa wakala, afadhali apunguze 500 kwenye fungu lake la siku kuliko kupoteza kandarasi nzima.

Nguvu hiyo usiitumie kuvunja neno lako. Mtu aliyekubali 7,500 Jumatatu kisha akadai 9,500 Alhamisi hakumbukwi kwa mema, na mji huu wa Kisumu si mkubwa hivyo. Taja bei yako kabla CV haijatumwa, lakini ifunge kwenye kazi uliyoelezwa: "Hiyo ni ya kazi ya hapa Kisumu, siku tano kwa wiki. Kukiwa na safari, tutaongea." Kazi ikibadilika, una haki ya kurudi mezani. Wakati mzuri zaidi wa kuomba nyongeza ni kandarasi inapokaribia kuhuishwa, kwa kuwa mteja ameshakuzoea na wakala hatatumia nguvu mpya kutafuta mtu.

Wakala akianza na "Ndugu, mwisho wako ni ngapi?" usikimbilie mwisho. Hata anayeuza mitumba soko la Kibuye hatangulii kutaja bei ya mwisho. Mrudishie kwa upole: "Mteja ametenga ngapi?" Wengine hawatajibu, lakini wengi watakupa angalau mipaka.

"Gawanya mshahara wako kwa siku 22, hapo una bei ya siku."

Kama kuna dhana moja ninayotamani ife, ni hii. Aliyekuwa akilipwa 120,000 kwa mwezi anagawanya kwa 22, anapata kama 5,450, anaongeza hadi 6,000 na kujiona mjanja. Amejipunguzia mshahara.

Mwaka una siku 365. Ondoa Jumamosi na Jumapili 104, zinabaki 261. Mwajiriwa hulipwa akiwa likizo, angalau siku 21 kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na hulipwa siku za sikukuu. Wewe hulipwi. Ondoa hizo 21 na sikukuu kama 11, umebaki na 229. Sasa ondoa malaria, matanga, na zile wiki kati ya kandarasi moja na nyingine ambapo simu haiiti. Hata ukipoteza siku 49 tu, umebaki na 180 za kulipwa. Mshahara ule ulikuwa 1,440,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 180: 8,000 kwa siku, na hapo hujapata faida yoyote, umefika tu ulipokuwa.

Kuna na yasiyoonekana. Mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sawa na unachokatwa, na huongeza asilimia 1.5 ya mshahara wako kwenye ada ya nyumba za bei nafuu. Kwenye kandarasi hakuna wa kukuongezea. (SHIF, bima ya afya ya jamii, ni mzigo wako uwe mwajiriwa au mkandarasi, asilimia 2.75, kwa hiyo usiiweke kwenye hesabu ya tofauti.) Kompyuta ni yako, bando ni lako, na stima ikipotea siku ya kukabidhi kazi, ni shida yako pia.

"Lazima umwambie wakala ulikuwa unalipwa ngapi."

Si lazima. Alichouliza ni bei ya kazi ya jana, na unachouza ni kazi ya kesho. Jibu kwa bei unayotaka. Ila usidanganye: ukitaja takwimu ya uongo, siku moja utaombwa karatasi ya mshahara.

"Mtu wa Kisumu hulipwa bei ya Kisumu."

Mara nyingi bei ambayo mteja humlipa wakala ilipangwa Nairobi au ng'ambo kabla jina lako halijatajwa, na hakuna aliyeuliza kodi ya nyumba yako Milimani au Kondele ni ngapi. Unafuu wa kuishi huku ni wako, si wa kumgawia wakala. Kinachofaa kuulizwa kwa makini ni safari. Kukusanya data Siaya, Busia na Homa Bay kwa 8,000 ukijilipia nauli na chumba kunaweza kuwa duni kuliko 6,500 ya kukaa mezani. Uliza pia kama siku ya kusafiri inahesabiwa kuwa siku ya kazi. Wengi husahau kuuliza hili hadi wako Mbita.

"Ile asilimia 5 inayokatwa imekwenda hivyo."

Ada za kitaalamu kwa mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, kisha hupelekwa KRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako. Ni malipo ya mapema ya kodi yako ya mwaka, na utaihesabu unapojaza ritani kabla ya Juni 30. Sharti ni kwamba cheti chake kionekane kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Kisipoonekana, aliyekata hajapeleka. Muulize wakala mwezi huohuo, usingoje mwaka uishe.

Kuna makato mengine ambayo hayana jina la heshima: "pesa ya usajili" au "ya kupeleka faili mbele". Anayelipwa na mteja hana sababu ya kulipwa na wewe. Mawakala husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwa hiyo hakikisha usajili wake kabla ya kumpa hata nakala ya kitambulisho.

"Tumekubaliana kwa simu, yamekwisha."

Bei ni nusu ya habari, nusu nyingine ni lini utalipwa. Tafuta kwenye mkataba kipengele kinachosema utalipwa mteja akishamlipa wakala. Kikiwamo, deni la mteja limekuwa lako. Omba kiondolewe, au kiwekewe kikomo cha siku 30. Angalia pia muda unaokatazwa kufanya kazi na mteja moja kwa moja: miezi sita huvumilika, miaka miwili ni kufungwa kamba.

Na malipo yakikwama? Mkandarasi huru si mwajiriwa, lakini kwa deni lisilozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, na Kisumu na Nakuru zote zinayo. Si lazima uwe na wakili. Utahitaji mkataba, invoisi, na fomu za siku ulizofanya kazi zikiwa na saini ya msimamizi wa upande wa mteja. Saini hizo ziombe kila Ijumaa, msimamizi akiwa bado anakumbuka ulichofanya wiki hiyo.