Taka za Maabara ya Jeni Zenda Wapi?

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja wa mtaa wa Tudor, Mombasa, siku wazazi walipotembelea chuo chetu. Lilinigusa, nami nalijibu hapa ili wote wasikie.

Mtafiti wa chuo kikuu nchini Kenya habadilishi jeni za viumbe kwa hiari yake. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 yamtaka apate kibali. Ombi hupitia kamati ya usalama ya chuo, kisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Mkiukaji anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili.

Lakini kibali hakiui bakteria waliomo katika taka. Kinachoua ni otoklevu, tuseme presha kuka kubwa ya maabara. Humo mifuko ya taka hupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 121. Utepe uliobandikwa juu ya mfuko hutoka mistari myeusi, na vijana wageni wa kazi wakiiona hudhani mambo yamekwisha. Sivyo. Utepe huonyesha kuwa joto limefika nje ya mfuko. Katikati huenda bado. Kwa hiyo, tunapoijaribu mashine, tunatia kichupa chenye bakteria wasiokufa upesi kwa joto katikati ya mzigo, kisha tunakiweka mahali pa vuguvugu. Rangi yake ya zambarau ikigeuka manjano, mle ndani mna uhai, na mashine hiyo haitumiki tena mpaka itengenezwe.

Stima nayo hupotea, wenyeji wa Mombasa mnajua. Ikipotea dakika ya kumi, hatumalizii dakika zilizobaki: tunaanza upya.

Nchini Marekani, miongozo iliyoanza mwaka 1976 huitaka kamati ya chuo iwe na angalau watu wawili wasiohusiana na chuo chenyewe. Natamani sana kila kamati ya Pwani iwe na mtu wa mtaani. Mwaka 2021 Mamlaka yetu ya Kenya iliidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili ustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na muhogo ni chakula chetu.

Yule mama nilimwonyesha daftari la otoklevu: tarehe, nyuzijoto, dakika, saini. Alipitisha kidole polepole, akasimama kwenye mstari usio na saini. "Na hapa je?" Stima ilikuwa imepotea. Mzigo ulipikwa tena kesho yake, na mstari wa chini yake ulikuwa na saini.