Nyanya: maswali ya jikoni na ya kliniki

Nyanya si maji tu?

Maji ni mengi, kweli. Katika gramu 100 za nyanya mbichi, karibu gramu 95 ni maji, ndiyo maana kalori zake ni 18 tu. Lakini humo humo kuna vitamini C miligramu 14 hivi na potasiamu karibu miligramu 240. Na kwa kuwa nyanya (tungule, kwa ndugu zetu wa Unguja) huingia karibu kila chungu, kidogo hicho tunakipata kila siku.

Kliniki nimeambiwa damu yangu iko chini. Nyanya inaongeza damu?

Mama, rangi nyekundu isikudanganye. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyanya ni kidogo mno, hayafiki hata nusu miligramu kwa gramu 100. Wapo wanaoacha vidonge vya kuongeza damu wakategemea juisi nyekundu, na jambo hilo linanisikitisha sana. Endelea na vidonge ulivyopewa.

Msaada wa nyanya uko kwingine. Chuma cha maharage, choroko, dengu na mchicha mwili hukifyonza kwa shida, na vitamini C hurahisisha kazi hiyo. Kwa hiyo sahani ya wali maharage yenye kachumbari pembeni inakufaa kuliko maharage peke yake. Ikate karibu na kula, uile katika mlo huo huo. Ukiila jioni haitayasaidia maharage ya mchana. Na ile chai ya rangi ya kushushia chakula isogeze mbele saa moja hivi, maana inazuia chuma hicho hicho kufyonzwa.

Basi nyanya ya kupikwa haina faida?

Ina faida yake. Moto hupunguza vitamini C, ila huilegeza laikopini, ile rangi inayoipa nyanya wekundu wake, nayo inadhaniwa husaidia kulinda chembe za mwili zisiharibiwe. Laikopini huyeyuka kwenye mafuta, hivyo nyanya iliyokaangwa na kitunguu hadi ikaiva vizuri huutoa utajiri huo zaidi kuliko mbichi. Mafuta ya vijiko viwili vitatu kwa sufuria ya familia yanatosha. Mchuzi usielee mafuta. Kuhusu madai kwamba nyanya inatibu saratani ya tezi dume, hapana, haitibu. Mwenye dalili aende hospitali.

Nyanya masalo, zile zilizopondeka au kuanza kuoza, zina madhara?

Iliyopondeka safarini ndani ya tenga lakini ngozi haijapasuka na haina harufu, ioshe kwa maji safi uipike siku hiyo hiyo. Yenye ukungu itupe yote. Kukata upande uliooza hakutoshi, kwa sababu nyanya ni laini na sumu ya ukungu husambaa ndani mahali usipopaona.

Nani apunguze?

Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu. Huyu awe mwangalifu zaidi na nyanya ya kopo: ile nzito ina potasiamu karibu miligramu 1,000 kwa gramu 100, mara nne ya nyanya mbichi. Mwenye shinikizo la damu asome kwanza kwenye kopo kama imetiwa chumvi. Na wewe unayesumbuliwa na kiungulia, mchuzi mzito wa nyanya ule mchana; ukiula usiku, kaa saa mbili tatu kabla ya kulala.