Kubadili sura ya kompyuta si kuitawala

Nimeletewa tena picha ya Windows iliyovalishwa sura ya Mac, ikoni za duara na doki chini, pamoja na ile hoja ileile dhidi ya Linux, ule mfumo endeshi huria: "Hata Windows unaifanya utakavyo, Linux ya nini?" Hoja hii imenichosha. Wananichosha vilevile wanaoitetea Linux kwa picha za madirisha yanayong'aa, kwa sababu wote hao wanazungumzia mapambo. Mimi nauliza jambo moja tu: wewe na mtengenezaji wa mfumo mkitofautiana, nani mwenye kauli ya mwisho?

Tuangalie jambo moja kwa karibu. Una Windows 11 Pro, toleo la watu wanaojua wanachofanya, na hutaki mashine yako ipeleke taarifa za matumizi kwa Microsoft. Unaingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, unaweka swichi ya AllowTelemetry, inayopanga taarifa zipi zitumwe, kuwa 0. Thamani inakubalika, inabaki palepale hata ukiwasha upya, hupewi onyo lolote. Lakini 0 hiyo inaheshimiwa kwenye matoleo kama Enterprise, Education na Server. Kwenye Pro na Home mfumo unaichukulia kama 1, na data zinazoitwa za lazima zinaendelea kwenda. Si siri, nyaraka za Microsoft zinaeleza hivyo. Kinachonikera ni kwamba umepewa swichi, ukaizima kwa mkono wako, na mfumo ukaamua kutokukusikia. Masasisho ni vivyo hivyo: kwenye Home unayaahirisha kwa muda, mwisho siku 35, halafu lazima uyapokee ndipo uruhusiwe kuahirisha tena. Na hayo mapambo yenyewe si yako. Tangu Windows 95 watu walikuwa wakihamishia upau wa kazi juu au pembeni mwa skrini. Windows 11 ilipotoka 2021, uwezo huo ukaondolewa, basi.

Mac watu huiita gereza, na hapo pia hawajaangalia vizuri. Ni kweli kwamba tangu 2015 hata akaunti ya root, yenye mamlaka yote, haiwezi kugusa faili za /System, folda ya mfumo wenyewe. Lakini ulinzi huo unazimika: unawasha mashine kwenye hali ya uokoaji, unafungua terminali, dirisha la kuandika amri, unaandika csrutil disable, na kwenye macOS za tangu 2020 unaongeza csrutil authenticated-root disable. Sikushauri uuzime kwa mchezo. Nasema tu kwamba ukisema zima, unazimika kweli. Kwa sura, Mac ni bahili kuliko Windows, ila kwa hili moja ina uaminifu zaidi.

Sasa Linux, ambako makosa ya mashabiki ni mengi zaidi. Linux haikupi udhibiti kwa sababu ina mipangilio mingi. GNOME, moja ya maeneo-kazi ya Linux, yaani sura ya madirisha na menyu unayoitumia, huondoa mipangilio kila inapoona inafaa, na toleo lake la 45, la 2023, lilivunja viendelezi vyote vya zamani, vile vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, hadi viandikwe upya. Ubuntu, moja ya distro, yaani matoleo ya Linux yanayosambazwa na watu mbalimbali, nayo ilifanya kubwa zaidi. Kwenye toleo la 20.04 ukiandika apt install chromium-browser, yaani ukiagiza kivinjari cha Chromium kwa apt, zana ya kawaida ya kusakinisha programu, unachopata ni snap, aina nyingine ya kifurushi, kinachojisasisha chenyewe. Hukuomba snap, umeagiza kwa apt! Na kwa muda mrefu uliweza tu kuchelewesha masasisho hayo, si kuyasimamisha moja kwa moja.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho watu wanachokipita bila kukiona. Mwaka huohuo wa 2020, Linux Mint, iliyojengwa juu ya msingi wa Ubuntu, ilitoa toleo la 20 ambalo apt yake imezuiwa kusakinisha kimyakimya snapd, programu inayoendesha snap. Walichukua kazi ileile, wakaondoa wasichokitaka, wakaisambaza. Hawakuomba ruhusa, kwa sababu leseni inawaruhusu. Udhibiti ninaousema mimi ni huo. Upo kwenye leseni na kwenye chanzo kilicho wazi, yaani msimbo ambao yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha, na ungekuwepo hata kama distro yako isingekuruhusu kubadilisha rangi hata moja.

Kuna mambo mawili sijayamaliza moyoni. Watumiaji wengi wa Linux hawajawahi kufungua faili hata moja ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo. Mint ikiamua kwa niaba yao, wametawala wao au wamebadilisha tu bwana? Naamini haki ya kuhama ina uzito hata kwa asiyeitumia, lakini siwezi kudai kwamba hoja yangu hapo haina tundu.

La pili ni Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, unaochukua nafasi ya ule wa zamani, X11. Kwenye X11 programu yoyote iliweza kusoma vitufe unavyobonyeza kwenye dirisha la programu nyingine na kusogeza madirisha yasiyo yake. Zana kama xdotool, inayobonyeza vitufe na kusogeza madirisha kwa niaba yako, ziliishi kwa uwazi huo, na mimi nimezitegemea sana kujiendeshea kazi. Wayland imeufunga mlango. Nikilalamika kwamba nimenyang'anywa, najibiwa kwamba mlango ule ule ulimfaa pia mwizi wa nywila, na jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo ningetaka mimi ndiye niamue programu ipi iaminiwe, na kwa sasa jibu linategemea eneo-kazi ulilochagua: KDE, eneo-kazi jingine, wana njia yao, GNOME wana yao, na skripti niliyowaandikia hawa haifanyi kazi kwa wale.