Unapoambiwa sifa zako zimezidi kazi unayoiomba

Mwombaji aliyekataliwa kwa kukosa sifa hujua la kufanya: atarudi darasani, atatafuta uzoefu, atajaribu tena. Aliyekataliwa kwa sababu sifa zimezidi hubaki ameduwaa, kwa kuwa kile alichokihangaikia miaka mingi ndicho kilichomfungia mlango. Wengi wao wanapofika kwenye dawati letu la ushauri wa ajira huja na wazo moja kati ya mawili. Kuna wanaotaka kufuta shahada kwenye wasifu, na kuna wanaotaka kuongeza sifa zaidi ili mwajiri aone anachokikosa. Mawazo yote mawili yanashughulika na vyeti, ilhali mwajiri hasumbuliwi na vyeti. Anasumbuliwa na hofu, na maombi yasiyoijibu hofu hiyo huwekwa pembeni hata yakiwa yameandikwa vizuri kiasi gani.

Hofu ya kwanza ni kwamba hutakaa. Kuajiri kunagharimu: kuna tangazo, kuna usaili, kuna mafunzo, na kuna ile miezi ya mwanzo ambayo mgeni bado anajifunza taratibu za ofisi. Mwajiri akihisi kwamba utaendelea kutafuta kazi kubwa zaidi ukiwa umeketi kwenye kiti chake, anaona gharama hizo zitamrudia upya baada ya muda mfupi. Ya pili ni mshahara. Anadhani utaukubali leo na kuunung'unikia keshokutwa. Ya tatu ni kuchoshwa, yaani kazi ikiwa ndogo kwako utaifanya bora liende. Ya nne haisemwi kwa sauti, nayo mara nyingi ndiyo nzito kuliko zote. Msimamizi anayekusaili anajiuliza kama ataweza kukupa maagizo bila kuona haya, na kama mkubwa wake hataanza kukuona wewe ndiye unayefaa kukaa pale alipo yeye.

Mwajiri hahitaji ushahidi ili aogope. Mwaka 1996, katika mji wa New London, jimbo la Connecticut, Marekani, mwombaji mmoja wa kazi ya polisi alifanya mtihani wa Wonderlic, unaopima uwezo wa kufikiri, wenye maswali 50 ya kujibiwa kwa dakika 12, akapata alama 33. Mji ulikuwa ukiwaita kwenye usaili wale waliopata kati ya 20 na 27 tu, kwa hoja kwamba wenye alama za juu huchoshwa na kazi ya polisi na kuondoka muda mfupi baada ya kugharimiwa mafunzo. Mwombaji akaenda mahakamani. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubaliana na mji, kwa kuwa kigezo hicho kilitumika kwa waombaji wote na kilikuwa njia yenye mantiki ya kupunguza wanaoacha kazi, hata kama hakikuwa cha busara. Nimeusimulia mkasa huu kwa sababu unaonyesha mzigo uko upande gani. Hakuna atakayekulazimishia mwajiri akusikilize. Ni wewe unayepaswa kumtoa wasiwasi kabla hajakuweka kando.

Na wasiwasi huo hauko kwa polisi peke yao. Utafiti wa Roman Galperin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliwapa watu wanaohusika na kuajiri maombi ya waombaji wenye uwezo tofauti. Wale wenye uwezo mkubwa kupita kiasi walidhaniwa kuwa hawatajifunga kwa dhati na mwajiri, na dhana hiyo ilipunguza nafasi yao ya kupewa kazi. Uwezo wao haukutiliwa shaka hata kidogo. Kwa hiyo ukiongeza ushahidi wa uwezo, unajibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize kwa nini unaitaka kazi hii. Jibu lazima liwe la kweli, maana ndilo litakalobeba barua, usaili na miezi yako ya kwanza kazini. Zipo sababu nyingi halali: umechoka kusimamia watu na unataka kurudi kwenye ufundi wenyewe, unahamia fani mpya na unajua utaanzia chini, unamuuguza mzazi na unahitaji kazi yenye saa zinazotabirika, umehama na soko la huku halina nafasi za ngazi yako, ulipunguzwa kazini. Zote zinaeleweka. Kinachoharibu ni kuzieleza kwa upande mmoja tu, upande wa unachokikimbia. Mwajiri akisikia "nimechoka na presha" anapata taarifa kwamba umechoka. Mwambie pia unakoelekea, na kwa nini ni hapa kwake.

Kama jibu la kweli ni kwamba unataka pa kujishikiza kwa miezi mitatu huku ukisubiri kingine, ushauri wangu ni kwamba utafute kazi ya mkataba mfupi na useme wazi kuwa ni mkataba mfupi unaoutaka. Zipo, na huko sifa nyingi huwa faida kwa sababu hakuna muda wa kumfundisha mtu.

Tuje kwenye barua, ambayo kwa mwombaji wa aina hii ina uzito kuliko wasifu. Wasifu unaonyesha ulichonacho. Barua peke yake ndiyo inayoweza kueleza kwa nini mwenye vitu hivyo ameiomba nafasi hii. Tuchukue mkuu wa idara ya ununuzi anayeomba kazi ya ofisa ununuzi wa kawaida. Aya yake ya kwanza inaweza kuwa hivi:

"Kwa miaka sita nimeongoza idara ya ununuzi. Katika kipindi hicho muda wangu mwingi ulikwenda kwenye vikao, bajeti na tathmini za watumishi, na nimejiridhisha kwamba sehemu ya kazi ninayoipenda na kuifanya vizuri ni kuchambua zabuni, kulinganisha bei na kuwafuatilia wazabuni hadi mzigo ufike. Nafasi mliyoitangaza ni ya kazi hiyo hasa. Nimeona kwamba ofisa huyu atakuwa chini ya mkuu wa kitengo na hatakuwa na watumishi wa kuwasimamia. Mpangilio huo ndio ninaoutafuta. Kiwango cha mshahara mlichokitaja nimekisoma na ninakikubali."

Angalia kilichofanyika. Cheo kikubwa hakikufichwa, kimetajwa katika sentensi ya kwanza, kwa hiyo msomaji hatashtukizwa nacho akifungua wasifu. Sababu imetolewa na inahusu kazi yenyewe. Hofu ya msimamizi imejibiwa bila kuitaja, kwa kusema tu kwamba mwombaji ameuona mpangilio wa madaraka na anautaka. Mshahara umemalizwa kwa sentensi moja. Na yote haya yako juu. Ukiyaweka mwishoni mwa ukurasa, msomaji atakuwa ameshaamua.

Linganisha na sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara: "Niko tayari kufanya kazi yoyote." Mwandishi anadhani anaonyesha unyenyekevu. Msomaji anaona mtu aliyekwama ambaye ataondoka siku ya kwanza atakapokwamuka. Vivyo hivyo na "mshahara si tatizo kwangu", maneno ambayo hakuna mwajiri anayeyaamini.

Wasifu nao unahitaji kuandikwa upya, na hapa kazi kubwa ni ya kuchagua. Weka tangazo la kazi mbele yako, pigia mstari kila jukumu lililotajwa, kisha chini ya kila kazi uliyoifanya anza na mambo yanayofanana na hayo. Yule mkuu wa ununuzi huenda ameandika kwamba "alisimamia mkakati wa ununuzi wa taasisi nzima". Ni kweli, lakini haimsaidii hapa. Aandike kwamba aliandaa nyaraka za zabuni, alikagua ankara dhidi ya hati za kupokelea mizigo, na alijadiliana bei na wazabuni yeye mwenyewe. Kama hayo hakuyafanya kwa mikono yake kwa miaka mingi, ayatafute kwenye kazi zake za nyuma na kuyaeleza huko. Mwajiri anayetafuta mtendaji atataka kujua kama bado unajua kutenda.

Cheo chenyewe usikibadilishe. Wadhamini wako watapigiwa simu, na ikibainika kwamba "ofisa" wa kwenye wasifu alikuwa mkurugenzi, utaonekana mwongo kwa jambo ambalo halikuhitaji uongo. Kazi za zaidi ya miaka 15 iliyopita unaweza kuziweka kwenye mstari mmoja mmoja bila maelezo. Elimu iende chini, baada ya uzoefu. Tuzo, machapisho na uanachama wa bodi visivyogusa nafasi hii vinaweza kuachwa.

Je, unaweza kuiacha shahada yenyewe? Swali hili huulizwa karibu kila wiki, na jibu langu linategemea umeulizwa nini. Wasifu ni hati yako, na hakuna sheria ya uandishi inayokutaka uorodheshe kila ulichosoma. Mwenye uzamivu wa historia anayeomba kazi ya dereva hajamdanganya mtu akiandika leseni na uzoefu wake wa kuendesha. Hata "Dkt." mbele ya jina si lazima. Lakini fomu ya maombi inayosema "taja elimu yako yote", na chini yake ukaweka sahihi kwamba maelezo ni kamili, ni jambo jingine. Hapo taja yote. Kuficha kwenye hati uliyotia sahihi kunaweza kuwa sababu ya kufukuzwa hata baada ya miaka ya utumishi mzuri. Kuna pia tatizo la kawaida kabisa: ukiondoa masomo ya miaka minne, linabaki pengo la miaka minne, na pengo lisilo na maelezo humtia mwajiri shaka kubwa kuliko shahada. Mimi binafsi hupendelea itajwe kwa mstari mmoja, chini, bila mapambo. Kisha hakikisha ukurasa wako wa kikazi mtandaoni hausemi tofauti, kwa sababu utafunguliwa.

Ukiitwa kwenye usaili, hiyo tayari ni dalili kwamba kuna aliyeamini kuwa huenda ukafaa. Sentensi "naona sifa zako ni kubwa kuliko nafasi hii" itakuja, na waombaji wengi huipokea kama hukumu. Ichukue kama swali. Usianze kujitetea kabla hujajua ni hofu ipi kati ya zile nne inayozungumza. Uliza kwa utulivu: "Nashukuru kwa kulisema wazi. Naomba kujua, ni jambo gani hasa linalowapa wasiwasi?" Ukisikia ni muda, eleza sababu yako na kitu unachotaka kukijenga hapo, usiahidi miaka mitano kama hujui kesho yako. Ukisikia ni kuchoshwa, toa mfano wa kazi ya kujirudia ambayo umeifanya kwa umakini kwa muda mrefu. Ukihisi ni ile ya nne, simulia wakati ulipofanya kazi chini ya mtu mdogo kwako kwa umri au kwa elimu, na ulichojifunza kwake. Usimwambie msaili kwamba atapata mkurugenzi kwa bei ya ofisa. Yeye ametafuta ofisa.

Yapo matokeo ya utafiti yanayoweza kukutia moyo hapa, na hata kukusaidia kuchagua mwajiri. Mwaka 2009 Berrin Erdogan na Talya Bauer walichapisha utafiti kuhusu wauzaji wa maduka nchini Uturuki. Wale waliojiona wana sifa zaidi ya kazi yao waliuza zaidi. Kutoridhika na kutaka kuondoka kulipungua pale wafanyakazi walipopewa uhuru wa kuamua mambo katika kazi yao. Kwa hiyo na wewe uliza kwenye usaili: ofisa huyu anaamua mambo gani mwenyewe, na yapi lazima yapandishwe juu? Jibu litakuonyesha kama utadumu hapo, na swali lenyewe linamwonyesha msaili kwamba unaiwaza kazi hii jinsi ilivyo.

Kuhusu mshahara, kama tangazo halikuutaja, tafuta mapema viwango vya nafasi ya aina hiyo na utaje kiwango kinacholingana na nafasi, si na cheo ulichokiacha. Ukiulizwa ulikuwa unalipwa kiasi gani, sema ukweli, kisha urudishe mazungumzo kwenye kazi iliyopo mezani. Na kabla ya kusema unakubali, kaa na familia mpige hesabu. Ukikubali kiasi kisichotosha kodi na ada, utakuwa umeithibitisha ile hofu ya pili kwa mkono wako mwenyewe.

Niseme neno kuhusu umri, kwa kuwa wanaokuja na malalamiko haya wengi wana miaka 45 na kuendelea. Wakati mwingine "sifa zimezidi" husemwa mahali ambapo mwajiri asingethubutu kusema "umri umezidi". Nchi kadhaa zinakataza ubaguzi huo; Marekani ina sheria ya mwaka 1967 inayowalinda wenye miaka 40 na zaidi. Mahakama ya rufaa nchini humo iliwahi kueleza, mwaka 1991, kwamba sababu hiyo ya sifa kuzidi inaweza kuwa kifuniko cha ubaguzi wa umri. Ukiona dalili kama maswali kuhusu kustaafu, andika yaliyosemwa na tarehe, kisha uonane na chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa kazi kuhusu sheria ya nchi yako. Hata hivyo, si lazima wasifu wako utangaze umri: mwaka uliohitimu shule unaweza kuachwa pale ambapo haujaulizwa.

Ukikataliwa, jibu barua hiyo ndani ya siku chache. Waajiri wanaokataa mtu kwa sifa nyingi mara nyingine huwa na nafasi ya juu inayokaribia kufunguliwa, na aliyekwisha kusailiwa ni rahisi kumkumbuka. Mistari mitatu inatosha: "Nashukuru kwa muda mlionipa. Nimeelewa kwamba kwa nafasi hii mlihitaji mtu wa ngazi nyingine. Ikitokea nafasi inayolingana zaidi na uzoefu wangu, au kazi ya muda inayohitaji mtu wa kuanza bila mafunzo, ningefurahi kujulishwa." Itume kwa yule aliyekusaili, si kwa anwani ya jumla ya ofisi, na uambatishe wasifu wako kamili, ule ambao hukuupunguza.