Baridi ya Mbeya haipoozi prosesa

Juzi mama mmoja mwenye steshenari pale Mwanjelwa aliniletea mashine kwa bajaji, ameifunga khanga kama mtoto. "Fundi, hii CPU inazima yenyewe kila ikifika saa nne asubuhi. Na joto silo, baridi hii si unaiona mwenyewe?" Kweli alikuwa amevaa koti, na mtandio juu yake.

(Kwetu CPU ni kasha zima. Nimeshaacha kubishana. Ila humu nikisema prosesa, nazungumzia kile kijipande cha ndani kinachofanya hesabu zote.)

Nikafungua. Ndani nikakuta Core 2 Quad Q6600, prosesa ya mwaka 2007, na kwa kuchapa barua na kuprinti bado inatosha kabisa. Lakini aliyewahi kuitengeneza alikuwa ameifunga hitisinki (kile kipande cha mapezi chenye feni, kinachoondoa joto la prosesa) fupi ya alumini tupu, ile nyembamba iliyokuwa ikija na prosesa za wati 65, yaani joto ambalo prosesa hutoa. Q6600 za toleo la kwanza ni wati 105, za baadaye 95. Hapo umembebesha mtoto lumbesa ya viazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila hitisinki hupanda joto kiasi fulani kwa kila wati inayobebeshwa. Tuseme hii inapanda nusu nyuzi kwa wati. Kwa wati 65 itapanda nyuzi 32 na kidogo juu ya hewa iliyomo ndani ya kasha. Kwa wati 105 ni zaidi ya 52. Hewa ya kasha ikiwa nyuzi 30, umeshafika 82, na hapo hatujahesabu vumbi. Prosesa huanza kwa kujipunguza kasi, mtu akadhani ni virusi. Ikishindwa kabisa, inazima.

Sasa hii baridi. Inasaidia, sikatai, ila kuna jambo watu wa nyanda za juu hatulihesabu: Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar. Feni inazunguka vilevile, lakini upepo inaousukuma una uzito mdogo, kwa hiyo unabeba joto kidogo. Sehemu ya faida ya baridi imeliwa hapo. Ndiyo maana huku sinunui hitisinki inayotosha tu. Natafuta yenye wati za ziada kuliko prosesa.

Kabla ya wati, hata hivyo, kuna matundu ya kufungia hitisinki. Hapa nina kovu langu. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii niliagiza Kariakoo feni na hitisinki yake ya soketi 1155 (soketi ni kitako cha prosesa, namba ni aina yake), nikaifunge kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ya 775. Kwa macho ni pacha: duara, pini nne za plastiki, kila kitu. Kifurushi kikaja na basi, pini mbili zikaingia, mbili zikagoma. Nikalazimisha. Mazabodi ikapinda, pini ikakatika, na nauli ya kifurushi ikanitoka mara ya pili. Matundu ya 775 yameachana milimita 72, kutoka katikati hadi katikati. Ya 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 ni milimita 75. Ya 1366 ni 80. Chukua rula ya shule upime kabla hujatuma hela. Mashine za zamani zenye prosesa za kampuni ya AMD, zile za soketi AM2 na AM3, zina afadhali kwa sababu nyingi hufungwa kwa klipu inayong'ata ndoano mbili za plastiki, na klipu hiyo haijabadilika sana.

Halafu kuna wanaotaka zile hitisinki za minara mirefu yenye mabomba ya shaba. Inapoza vizuri mno, lakini mingi inakaribia milimita 160 kwenda juu, na makasha membamba ya ofisini hayafungiki tena. Zaidi ya hapo, feni ya asili, iliyokuja na prosesa, hupuliza kuelekea chini, kwa hiyo inapoza na kapasita, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme vilivyoizunguka prosesa. Mnara unapuliza pembeni. Kwenye mazabodi ya miaka 15 na zaidi, kapasita zake zimechoka, mimi siwanyimi upepo wazee hao.

Angalia na plagi. Feni ya pini 4 ukiichomeka kwenye pini 3 itafanya kazi, ila mara nyingi kwa kasi ileile muda wote, kelele uzizoee. Baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell zina plagi ya pini 5, na hitisinki yake inashikwa kwa skrubu. Kwa hizo usihangaike, tafuta yake yenyewe hata kama ni ya mtumba.

Mtumba ndio niliomfungia mama yule: hitisinki nene iliyokuja na prosesa za wati 95 na zaidi, ina moyo wa shaba katikati, Sh 15,000. Ukinunua ya namna hiyo, igeuze chini uone ule mviringo mwekundu wa shaba, kisha zungusha feni kwa kidole. Ikikwaruza, irudishe. Nikafuta uchafu wa zamani kwa spiriti, nikaweka themo pesti (ule ute wa kupitisha joto kutoka prosesa hadi hitisinki) kiasi cha punje moja ya mchele (wa Kyela au wa Mbarali, hapo sina ugomvi), nikabonyeza pini kwa mshazari, kisha nikachungulia nyuma ya mazabodi kuhakikisha zote nne zimetokeza.

Lakini ile hitisinki ya zamani, nilipoigonga mezani, ilimwaga majivu. Si vumbi, majivu. Nikampigia. "Mama, hii mashine inakaa wapi?"

"Chini ya meza, fundi. Pembeni ya jiko."

Jiko la mkaa. Analiwasha akifungua duka ili apashe miguu, na ikifika saa nne mkaa umekolea. Nikamwambia jiko litoke, na si kwa ajili ya kompyuta peke yake, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua mtu.

Wiki imepita, jana kapiga simu. Mashine haijazima hata mara moja. "Ila fundi," akasema, "sasa mimi ndiye ninayeganda."